Mzizi Mtamu na Vidonda vya Tumbo

Kuna mmea uitwao urukususu, ambao Wayunani wa kale waliupa jina lenye maana ya "mzizi mtamu". Hawakukosea, kwani mzizi wake una utamu upitao ule wa sukari. Nakuomba, msomaji, tuifuate historia ya mzizi huu, maana ina funzo kwa kila atumiaye dawa.

Katika karne ya kwanza baada ya kuzaliwa Kristo, tabibu Myunani aitwaye Dioscorides aliandika kwamba mzizi huo hutuliza mwako wa tumbo. Sifa hiyo ilidumu kwa karne nyingi, wala hapana aliyeipima kwa makini.

Mwaka 1946, daktari wa Uholanzi aitwaye F. E. Revers alieleza jinsi alivyowapa wagonjwa wa vidonda vya tumbo maji ya urukususu yaliyokaushwa. Wengi walipata nafuu. Lakini karibu mmoja katika kila watano alivimba uso na miguu. Revers hakuyaficha hayo. Aliyaandika mazuri na mabaya pamoja.

Basi wataalamu wa Uingereza wakatengeneza kutoka katika mzizi huo dawa iitwayo kabenoksoloni. Mwaka 1962 Richard Doll na wenzake walitangaza matokeo ya kuijaribu. Wagonjwa wengine walipewa dawa yenyewe, na wengine vidonge vya mfano wake visivyo na dawa ndani. Waliopewa dawa, vidonda vyao vya tumbo vilipona upesi zaidi. Sifa ya kale ikawa imepata ushahidi. Hata hivyo, uvimbe haukukoma. Baadaye ilifahamika kwamba urukususu huzifanya figo zizuie chumvi na maji mwilini na kupoteza potasiamu, hata shinikizo la damu likapanda. Nguvu ile ile iliyotoka katika mzizi mmoja iliponya na kudhuru.

Tena, swali kubwa lilikuwa halijajibiwa: vidonda hivyo hutokana na nini? Mwaka 1982, huko Perth, Australia, Robin Warren na Barry Marshall walifaulu kuotesha bakteria waishio katika tumbo la mwanadamu. Wengi hawakuwasadiki. Mwaka 1984 Marshall akanywa bakteria hao, na baada ya siku chache tumbo lake likapata uvimbe wa ndani. Mwaka 2005 wote wawili walitunukiwa Tuzo ya Nobel. Leo twajua kwamba vidonda vingi huletwa na bakteria hao, na vingine na dawa za maumivu kama aspirini. Kwa hiyo mgonjwa apimwe kwanza, ndipo atibiwe.

Je, wazee wa kale walikuwa wajinga? La, hasha! Walikuwa na macho ya kuona, ila hawakuwa na vipimo. Nawe usiidharau miti ya dawa, wala usidhani kwamba kitokacho shambani hakina madhara. Ukiambiwa kwamba mti fulani huponya, uliza mambo matatu: Wangapi walipona? Wangapi walidhurika? Na je, ugonjwa umeondoka, au ni maumivu tu yaliyotulia? Uliza bila haya, kwani wahenga walinena: kuuliza si ujinga.