Buni Hukaangwa, Haichomwi

"Uchomaji wa kahawa" umeenea kwenye vibandiko vya pakiti, vijitabu vya mafunzo na maelekezo ya mashine, na aliyeuleta inaelekea aliwaza nyama. Alikuta neno la Kiingereza, roast, ambalo kwa wenyewe latosha kwa nyama, kwa viazi na kwa kahawa. Akaona nyama yetu huchomwa, akaisukuma kahawa huko huko. Kazi ya kaango hakuiuliza. Hoja ya makala haya ni kwamba kitendo hicho kina kitenzi chake, kukaanga, ambacho kina umri mkubwa kuliko kahawa yenyewe katika mwambao huu, na kwamba humo humo mna nomino tunayoihitaji kuliko hata kitenzi: mkaango.

Tuanze na korosho, maana Msambweni, huku kwetu Kwale, haina haja ya kufundishwa tofauti ya kuchoma na kukaanga. Korosho yenye ganda hutiwa kwenye bati au debe lililotobolewa, moto ukachochewa chini. Mafuta ya ganda, ambayo yakigusa ngozi huibabua, hushika moto. Mwali hupanda, moshi mweusi huwasha macho, kisha korosho humwagwa mchangani zizimike na kungoja kubanguliwa. Hiyo ni korosho iliyochomwa. Kiini kilichobanguliwa kikitiwa kaangoni na chumvi kidogo, kikageuzwa kwa mwiko mpaka rangi ikabadilika, hicho kimekaangwa. Tunda ni moja na vitenzi ni viwili, wala hapana muuzaji wa Ukunda anayevichanganya. Hindi lenye gunzi juu ya makaa huchomwa. Punje zake zikiingia sufuriani zitoke bisi, hukaangwa. Kuchoma ni moto kukutana na chakula ana kwa ana. Kukaanga ni chombo kusimama katikati, na mkono usitulie. Sasa buni: ni punje ndogo, ngumu, ambazo hutiwa chomboni na kukorogwa bila kupumzika kwa dakika kumi na kitu. Kwa kipimo kipi, basi, zikahamishiwa upande wa mishikaki?

Kitenzi chenyewe kinastahili heshima zaidi ya kile kinachopewa na wanaokiona cha jikoni mno. Wanaisimu wa lugha za Kibantu hulijenga upya shina lake kama *-kádang-, na wajukuu wake wametapakaa: Wakikuyu husema gũkaranga, wasemao Kilingala kokalinga, Wachewa kukazinga, Wazulu ukugazinga. Kiswahili kiliidondosha konsonanti ya katikati kama ilivyo desturi yake. Mdigo asemapo mvula, Mswahili asema mvua; Mdigo ana ndzala na makala, Mswahili ana njaa na makaa. Kwa njia iyo hiyo kalanga ikawa kaanga, na zile irabu mbili zilizoandamana ndizo kovu la konsonanti iliyopotea. (Wanaoandika "kanga" kwa kuona uvivu wa herufi moja wanamkaanga ndege, au wanalikaanga vazi.) Neno lenye ukoo wa namna hii haliwekwi kando kwa sababu wajumbe wachache wa kamati ya istilahi walikaa mezani wakaona halina hadhi ya kiwanda.

Ushahidi mkubwa zaidi upo kwenye sinia ya kahawa yenyewe. Kahawa ni Kiarabu. Buni ni Kiarabu: bunn, punje, dhidi ya qahwa, kinywaji. Dele limetoka kwa dalla, finjani kwa finjān. Vyombo na bidhaa, karibu vyote tulivikopa. Ila tukitazama kazi yenyewe, Mswahili hakukopa kitenzi hata kimoja: alikaanga, akapepeta, akatwanga, akachemsha. Na si kwamba Waarabu hawakuwa na neno la kumkopesha. Wana ḥammaṣa, kitenzi cha kukaanga buni na nafaka kavukavu, na Oman na Ghuba nzima wanacho chombo chake, mihmas, kaango la chuma lenye mpini mrefu na kijiti cha kukorogea. Kitenzi cha kuchoma nyama ni kingine kabisa, shawā. Yaani wale waliotuletea punje walitofautisha, na babu zetu walipoipokea hawakuomba kitenzi kwa kuwa walikuwa nacho. Wafasiri wa leo, waliorithi lugha mbili zenye tofauti hiyo, wameamua kuifuta kwa ajili ya lugha ya tatu isiyokuwa nayo.

Hoja inayoletwa dhidi yetu kila mara ni ya mafuta: kukaanga, wanasema, ni kupika kwa mafuta, na buni haipikwi kwa mafuta. Ni kweli kwa samaki, viazi na mayai, na ndiyo maana inayomjia upesi mtu wa mjini. Lakini njugu karanga ya barabarani Diani, ile ya moto inayofungwa kwa karatasi, imeona mafuta wapi? Hukaangwa kwa chumvi, au mchangani, na jina lake la pili linaelekea kuwa ndugu wa kitenzi hicho hicho lenye konsonanti yake bado mdomoni, kuitofautisha na njugu mawe. Mafuta ni sharti la baadhi ya vinavyokaangwa. Chombo na kugeuza ni sharti la vyote. Na kama mtu ameng'ang'ania mafuta, aiache buni motoni mpaka iive sana. Ataona mafuta yake yenyewe yakitoka na kung'ara juu ya punje.

Hoja nzito zaidi hutoka kwa wanaokaanga nyumbani kwa vyombo vya kuungaunga, na hii naijibu kwa uangalifu kwa kuwa imetoka kwa wenye kazi. Wengine hutumia sufuria ya alumini ambayo fundi wa mabati ametoboa kifuniko chake, akapitisha waya uliopindwa kuwa mkono wa kukorogea. Wengine hufunga chujio mbili za waya uso kwa uso na kuzitikisa juu ya meko. Wengine hutoboa mkebe wa maziwa ya unga, wakaupitisha ufito na kuuzungusha juu ya jiko la makaa. Sufuria haina utata. Lakini chujio na mkebe je? Vina matundu, sawa na debe la korosho. Si kuchoma huko? Jibu ni kwamba kinachopita kwenye yale matundu, kazi ikienda sawa, ni hewa ya moto. Makapi yakidondoka yakashika moto, mwali ukalamba punje, hapo kweli mtu amechoma, na ladha ya moshi itamshitaki finjanini. Vyombo hivi vinyonge ndivyo vinavyotuonyesha haja ya maneno mawili. Alumini nyembamba hushika joto mahali pamoja. Mkono ukisita kidogo, punje hupata baka jeusi upande mmoja na ndani bado mbichi. Mwenye jiko anahitaji kusema "nilitaka kukaanga, nimechoma." Kamati imemnyang'anya sentensi hiyo. Watasema lipo neno kuunguza. Lipo, ila kuunguza ni kupita kiasi kwa chochote, hata uji. Halisemi kwamba moto umegusa mahali pasipopaswa.

Istilahi ya mlio nayo ni ya aibu vivyo hivyo. Buni ikikaribia nyuzi 200 za Selsiasi, mvuke na gesi zilizobanwa ndani huipasua kwa sauti kavu, moja moja, kama vidole vinavyoalika. Ikiendelea hadi karibu nyuzi 225, hulia tena, safari hii sauti ndogo, za haraka, zilizosongamana. Wanaotafsiri kwa kuhesabu wameziita "mpasuko wa kwanza" na "mpasuko wa pili", kana kwamba sikio halipo. Kiswahili kina kualika na kina kutatarika. Wa kwanza ni mwaliko, wa pili ni mtatariko, na mkaangaji asiye na kipimajoto hahitaji kuhesabu. Nimeambiwa kwamba mwaliko utadhaniwa ni kadi ya harusi. Basi na kaa tuliache, lisije likadhaniwa ni la baharini.

Yapo pia maneno ya kejeli, kwamba Kwale hailimi kahawa na kwa hiyo haina la kusema. Kahawa ya Kenya kweli ililetwa na wamisionari wa Kifaransa huko Bura, Taita, mwaka 1893, ikapanda juu na kutulia bara. Msamiati wa shamba ni haki ya wakulima, na hatugombani nao juu ya mbuni wao, ingawa kwetu ni mti na kwao ni tunda lililokaushwa na ganda lake. Lakini sehemu kubwa mno ya kahawa hiyo huuzwa nje ikiwa mbichi. Pwani ilikuwa ikikaanga na kutwanga kwa ajili ya kahawa chungu, au tungu kwa Kimvita, kabla ya mche wa Bura kupandwa. Anayeuza punje ya kijani hawezi kumnyima jina la kazi anayeigeuza kuwa kahawia, na hata hiyo rangi imepata jina lake kaangoni.

Kuhusu matumizi, ni mepesi: mkaango mwepesi ukiishia kwenye mwaliko, mkaango wa kati kabla ya mtatariko, mkaango mzito ukiwa ndani yake, anayekaanga ni mkaangaji, chombo kibaki kaango. Kutoka kwenye kuchoma nomino iliyo jirani ni mchomo, na mchomo kwa Mswahili ni maumivu ya ubavuni au ya sindano. Inasikitisha kwamba pendekezo la mkaango lilipoletwa mbele ya wahusika lilijibiwa kwa kutokujibiwa, na mwaka uliofuata likaonekana neno "mchomo wa kati" limepigwa muhuri. Walioupiga hawajatueleza mgonjwa ni nani.