Bonsai ya mzeituni: kukuza na kutunza mti ndani ya chungu

Bonsai ni mti wa kawaida unaokuzwa kwenye chungu kifupi na kupogolewa kwa miaka mingi hadi ufanane na mti mkubwa uliozeeka porini. Neno hilo ni la Kijapani, na maana yake ni kupandwa kwenye sinia. Ufundi wenyewe ulianzia China. Hakuna mbegu maalumu wala dawa ya kuudumaza mti. Udogo wake unatokana na chungu na mkasi, kwa hiyo msikilizaji asikubali kuuziwa "mbegu za bonsai" kwa bei kubwa.

Mzeituni unafaa kwa kazi hii kwa sababu majani yake ni madogo, huchipua tena hata ukikatwa kwenye shina la zamani, na huishi mamia ya miaka. Kando ya Bahari ya Mediterania hutumika mzeituni wa mafuta. Kwetu Afrika Mashariki kuna ndugu yake, mzeituni mwitu, unaoota nyanda za juu. Wakikuyu huuita mutamaiyu na Wamaasai oloirien. Wafugaji wanaujua vizuri, maana kuni zake hutumika kufukizia vibuyu vya maziwa.

Kuanza

Usiende kung'oa mti msituni. Kuchukua mti katika msitu wa hifadhi bila kibali ni kosa la jinai Kenya na Tanzania pia, na mti mzee uliokatwa mizizi mara nyingi hufa. Nunua mche kitaluni, au kata vipandikizi kwenye mti ulio shambani kwako.

Chagua vijiti ambavyo si vichanga sana wala havijakomaa kabisa, vyenye urefu wa sentimita 10 hadi 15. Ondoa majani ya chini, chomeka kwenye mchanga wenye unyevu, weka kivulini na ufunike kwa nailoni inayopitisha mwanga. Mizizi huchukua miezi miwili au zaidi. Vingi havishiki, kwa hiyo chomeka kumi au zaidi.

Usikimbilie chungu kidogo. Acha mche ukue ardhini au kwenye ndoo kwa miaka kadhaa hadi shina linenepe. Ndani ya chungu kidogo, shina hunenepa polepole mno.

Jua, udongo na maji

Mzeituni ni mti wa jua. Ukiwekwa sebuleni kama pambo hudhoofika na kupukutisha majani. Uweke nje, mahali penye jua la saa sita au zaidi kwa siku.

Chungu lazima kiwe na matundu chini. Changanya mchanga mnene, changarawe ndogo na mboji kidogo, ili maji yapite haraka. Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole kwenye udongo: ukiwa mkavu juu, mwagilia hadi maji yatoke chini. Ukiwa bado na unyevu, ngoja. Mti ulio chunguni una udongo mdogo, kwa hiyo kiangazi utahitaji kuuangalia kila siku. Ila maji yaliyotuama huozesha mizizi.

Kupogoa na kupinda

Acha chipukizi lifikishe jozi sita hivi za majani, kisha likate libaki na jozi mbili. Ndivyo matawi yanavyoongezeka. Matawi machanga unaweza kuyapinda kwa waya laini wa alumini au shaba. Yaliyokomaa huvunjika, usiyalazimishe. Kagua waya mara kwa mara na uukate kabla haujazama kwenye gome.

Kila baada ya miaka miwili au mitatu, mvua zinapokaribia, toa mti chunguni, punguza mizizi isizidi theluthi moja, na uweke udongo mpya. Ukae kivulini wiki mbili au tatu kabla ya kurudi juani.

Dalili za kuangalia

Majani ya njano yanayodondoka huku udongo ukiwa umelowa: maji yamezidi. Matawi marefu yenye majani machache: jua halitoshi. Vijipele vya kahawia vinavyonata kwenye matawi ni wadudu gamba. Vikwangue kwa mswaki wa zamani, kisha osha mti kwa maji yenye sabuni kidogo. Majani yakijikunja na udongo ukiwa mkavu, mwagilia siku hiyo hiyo.