Cheche za Downsview

Wenzetu wanaopanda treni ya chini ya ardhi kwenda Chuo Kikuu cha York hupita kituo cha Downsview Park bila hata kuinua macho. Hapo Downsview, tarehe 16 Agosti 1947, kampuni ya de Havilland Canada ilirusha Beaver ya kwanza, ndege ya injini moja kwa marubani wa kaskazini, kwenye maziwa yasiyo na barabara. Ukungu ukishuka huko, rubani alitegemea redio.

Adui wa redio alikuwa ndani ya ndege yenyewe. Katika jenereta za wakati ule, brashi za kaboni zilisugua shaba inayozunguka na kutoa cheche. Kila cheche huzaa mawimbi ya redio, na waya unaotoka kwenye jenereta huyatawanya kama antena. Kuongeza sauti hakukusaidia kitu, kwani kelele nayo iliongezeka. Dawa ilikuwa kuyazuia palepale yanapozaliwa: ncha za jenereta zikafunikwa kwa kifuniko cha metali, waya ukavikwa ala ya nyuzi za metali zilizosukwa, na ala ikaungwa na bodi la ndege. Kiungio kikilegea au kikishika kutu, kelele hurudi. (Kazi ya kuchosha hiyo, wala haipigwi picha.)

Jeshi la Anga la Kenya, lililoundwa 1964, nalo lilirusha Beaver. Fundi wa Eastleigh, Nairobi, akasafisha brashi zilezile, akakaza vifuniko vilevile.