Mtandao, kasi na "hadi": maneno ya kuchagulia huduma ya intaneti

mtandao (nomino, ngeli ya U-I, wingi: mitandao). Neno hili linahusiana na kitenzi *tandaa*, yaani kuenea kila upande. Katika matumizi ya leo lina maana tatu:

1. Mfumo wa vitu vilivyounganishwa. *Mtandao wa barabara. Mtandao wa kompyuta za ofisi.*
2. Intaneti. *Matokeo ya mtihani yametangazwa mtandaoni.*
3. Kampuni ya simu, au mawimbi yake. *Kijijini kwao mtandao unashika mlimani tu.*

Katika mazungumzo ya kawaida maana hizi huchanganyika bila madhara. Katika ununuzi wa huduma ya intaneti, mchanganyiko huo humgharimu mnunuzi. Anayelalamika kwamba "hakuna mtandao" huenda ana hitilafu katika ruta ya nyumbani, katika mnara wa kampuni yake, au nje kabisa ya nchi. Mnamo tarehe 12 Mei 2024, mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu, na intaneti ikadorora katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki, zikiwamo Tanzania na Kenya. Siku kama hiyo, kuhamia kampuni nyingine inayotegemea mikongo ileile hakumsaidii mteja. Kwa hiyo, mwenye biashara isiyoweza kusimama huiuliza kampuni kabla ya kutia saini: data yake hutoka nchini kwa njia ngapi?

Majina ya njia za kuunganishwa

*Mkongo* (U-I) ni waya wenye nyuzi nyembamba za kioo zinazopitisha mwanga. Nchini Tanzania neno hili limezoeleka kupitia Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano; mijini, hasa Kenya, huitwa zaidi *faiba*. Lisichanganywe na *mkonga*, yaani mkono wa tembo, wala *mkonge*, mmea wa katani. Faiba ikifika hadi ndani ya nyumba, ndiyo njia iliyo tulivu kuliko nyingine. Hata hivyo, tangazo linalosema kampuni "ina mkongo" halisemi kwamba mkongo huo unafika mlangoni kwa mteja. Huenda unaishia mnarani, na kipande kilichobaki kinasafiri kwa mawimbi.

*Intaneti ya simu* ni ile inayopatikana kwa laini ya simu, ama katika simu yenyewe ama katika ruta yenye laini. Haihitaji kuchimbiwa waya, lakini uwezo wa mnara hugawanywa kwa wote wanaoutumia kwa wakati mmoja. Ndiyo sababu huduma iliyo nyepesi saa nne asubuhi huweza kuwa nzito saa mbili usiku.

*Intaneti ya setilaiti* hupokelewa kwa dishi. Setilaiti za zamani hukaa umbali wa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ombi la mtumiaji hupanda na kushuka, kisha jibu nalo hupanda na kushuka. Safari hiyo yote, kwa mwendo wa mwanga, huchukua karibu nusu sekunde. Setilaiti za Starlink, ambayo ilianza huduma Rwanda na Kenya mwaka 2023, huzunguka kwa kimo cha takriban kilomita 550 tu, na hivyo kuchelewa huko hupungua sana. Kwa nyumba iliyo mbali na mkongo na mnara, njia hii huweza kuwa ndiyo pekee. Kwa mkaazi wa jirani na faiba, gharama ya kifaa chake huwa na faida ndogo.

*Waifai* si mojawapo ya njia hizi. Ni mawimbi mafupi yanayounganisha vifaa na ruta ndani ya nyumba. Anayesema "nimenunua waifai" amenunua intaneti ya aina fulani, na hajaeleza ni ipi.

Kasi: biti na baiti

Kasi ya intaneti hutajwa kwa *megabiti kwa sekunde* (Mbps, kwa *b* ndogo), ilhali ukubwa wa faili na kifurushi hutajwa kwa *megabaiti* au *gigabaiti* (MB, GB, kwa *B* kubwa). Baiti moja ni biti nane. Filamu ya GB 1 ni takriban megabiti 8,000. Kwa kasi ya Mbps 10 itapakuliwa kwa sekunde 800, yaani zaidi kidogo ya dakika 13. Aliyedhani kwamba *b* na *B* ni kitu kimoja hutarajia sekunde 100.

*Kupakua* ni kuleta data kutoka intaneti. *Kupakia* ni kuipeleka. Tangazo likitaja kasi moja tu, kwa kawaida ni ya kupakua. Anayefundisha kwa video au kutuma picha nyingi hana budi kuuliza pia ya kupakia, kwani katika huduma nyingi hiyo ndiyo ndogo.

hadi (kihusishi). Huonyesha mpaka wa mwisho. *Kasi ya hadi Mbps 20* maana yake ni kwamba kasi haitazidi 20. Haielezi haitashuka chini ya ngapi. Mteja anayepata Mbps 4 bado yumo ndani ya neno *hadi*. Linganisha:

*Kampuni itatoa kasi ya hadi Mbps 20.* (Kikomo cha juu; hakuna ahadi ya chini.)

*Kampuni itatoa kasi isiyopungua Mbps 10.* (Kikomo cha chini; ni ahadi.)

Namba ya sentensi ya pili ni ndogo, lakini dhamana yake ni kubwa zaidi.

bila kikomo (kirai). Kikomo huwa ni cha kitu fulani: kiasi cha data, kasi, au muda. Kifurushi "bila kikomo" mara nyingi hakina kikomo cha kiasi, ila kina kifungu kisemacho kwamba baada ya GB kadhaa kasi itapunguzwa. Kifungu hicho huitwa sera ya matumizi ya haki. Mnunuzi makini hulikamilisha kirai hicho kwa swali: bila kikomo cha nini?

*Kifurushi*, ambacho mtaani huitwa *bando*, kwa kawaida hupimwa kwa kiasi cha data na muda wa kuisha. *Bando limeisha* basi lina maana mbili: data imetumika yote, au siku zimekwisha na data ingalipo. Atumiaye kidogo kidogo huumizwa na muda kuliko kiasi, na humfaa kifurushi chenye siku nyingi hata kama bei ya kila GB ni ya juu.

Katika mkataba

Maelezo ya mdomo ya mwuzaji hupita, lililoandikwa hubaki. Mkataba unaoeleweka hutaja aina ya njia hadi ndani ya nyumba, kasi ya kupakua na ya kupakia kwa *Mbps*, kiwango cha chini kilichoahidiwa, kikomo cha data kama kipo, mmiliki wa ruta, na masharti ya kuuvunja. Mgogoro ukishindwa kumalizwa na kampuni, mteja wa Tanzania hupeleka malalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na wa Kenya kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya. Huko nako neno lililoandikwa ndilo huwa ushahidi: aliyesaini *hadi* ana la kueleza, na aliyesaini *isiyopungua* ana la kudai.