Kombi kuukuu na kadi yake

Kombi kuukuu haikosi hadithi. Ukiikuta imepandishwa juu ya mawe uani kwa mtu, nyasi zimeota hadi mlangoni na kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva, mwenyewe hukuapia kuwa ni mojawapo ya zile zilizokamatwa mwaka 1977. Nimeapiwa hivyo Arusha, Moshi na Kondoa. Mimi ni mgonjwa wa magari haya. Nimenunua mawili na kuuza moja, na viapo hivyo nimevizoea.

Jambo lenyewe ni la kweli. Mwanzoni mwa Februari 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa inavunjika na shirika la ndege la pamoja limekwama. Serikali yetu ikafunga mpaka na Kenya. Hapo kabla utalii ulikuwa na mtindo wake: mgeni anashuka Nairobi, anapakiwa kwenye kombi yenye paa linalofunguka, anazungushwa Ziwa Manyara, Ngorongoro na Serengeti, kisha anarudi Nairobi na fedha zake mfukoni. Tanzania ilikuwa imechoshwa na biashara hiyo ya kuvuna vumbi. Magari ya kampuni za utalii za Kenya yaliyokutwa upande huu yakazuiliwa, pamoja na ndege ndogo, na watalii wakabaki wanahangaika namna ya kurudi. Mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983.

Basi historia ile imegeuka kuwa nyongeza ya bei. Lakini chuma nacho kina ushahidi wake. Katika Volkswagen hizi, kuanzia modeli ya 1965 hadi 1979, tarakimu ya tatu ya namba ya chasisi ni mwaka wa modeli. Ukiona 7, gari ni la 1977 au la 1967, na hapo kioo cha mbele kitakuamulia: cha vipande viwili ni la zamani, cha kipande kimoja ni la baadaye. Moshi nilioneshwa moja ya "kukamatwa 1977" yenye tarakimu 9, ya modeli ya 1979. Nilimwuliza mzee wangu yule imekamatwaje kabla haijaundwa, akacheka na kupunguza bei.

Kwa wasiolijua vizuri, kombi ni ufupisho wa neno la Kijerumani la gari la kazi mchanganyiko, abiria na mizigo. Mholanzi mmoja mwuza magari, Ben Pon, alilichora kwenye daftari lake mwaka 1947, umbo la mkate wa boflo, na kiwanda kikaanza kulitoa mwaka 1950. Mwaka uliofuata kampuni ya Westfalia ya hukohuko Ujerumani ikaanza kutia ndani vitanda na makabati, likawa nyumba ya kutembea nayo. Injini iko nyuma na hupozwa kwa upepo, kwa hiyo hakuna rejeta ya kuchemka. Zile za kioo cha vipande viwili zilikuwa pia na gia za ziada kwenye magurudumu ya nyuma, zilizoliinua tumbo la gari juu ya mawe. Kwa barabara yetu hii ya Great North Road ilivyokuwa, hilo halikuwa jambo dogo. Lami ya kutoka Dodoma hadi Babati, kilometa 251, ilizinduliwa Aprili 2018 tu. Kabla ya hapo, masika, safari ya kupitia Bereko na Kondoa ilikuwa ya kuomba Mungu.

Sasa vijana wamesikia bei za ughaibuni. Kweli, mwaka 2011 huko Marekani kombi moja ya 1963 yenye madirisha 23 iliuzwa mnadani dola 217,800. Nawasihi wasome tena: madirisha 23, imetengenezwa upya kila msumari. Zetu nyingi zilikuwa za kazi. Vipuri vilipoadimika miaka ya 1980, injini ya hii ilihamia kwenye ile. Zile za kulala ziling'olewa makabati ili ziwekwe mabenchi ya abiria, na makabati yakaishia kutunza vyombo jikoni kwa watu. Mpenzi wa kweli wa magari haya hulipia kitu ambacho hakijaguswa, halafu hulipia karatasi.

Na karatasi ndizo hatuna. Kadi imepotea, au ina jina la marehemu. Wengine hununua kutoka kwa mzungu aliyechoka na safari, bila kujua kwamba gari liliingia kwa kibali cha muda na halijalipiwa ushuru. Siku likikamatwa, mzungu yuko kwao na fedha zimekwenda. Kuagiza jingine nje nako si rahisi: Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8, Uganda mwaka 2018 ilizuia yaliyozidi miaka 15, na sisi tunalipokea lakini tunalitoza ushuru wa ziada kwa uzee wake, hata likiwa limetunzwa kama yai. Kwa hiyo kombi tulizo nazo ndizo hizi zilizobaki uani. Nairobi wana mashindano ya magari yaliyotunzwa tangu mwaka 1970. Kwetu mteja anayefika kwanza ni wa chuma chakavu, anapima kwa kilo.

Juma lililopita niliitwa Sigino, hapa Mji wa Babati, kuitazama moja. Tarakimu ya tatu ni 4, kabati la mbao bado limo, na sakafu, kwa kuwa haijawahi kukaa pwani kwenye hewa ya chumvi, ina kutu kidogo tu chini ya betri. Kadi ipo, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, ina jina la baba yao aliyefariki. Watoto ni watatu na hakuna msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Niliwaambia sitatoa hata shilingi moja kabla hawajamteua, nikawaelekeza mahakama ya mwanzo. Wakubwa wawili wamekubali. Mdogo anasema mtu wa chuma chakavu amekwisha kuja mara mbili, na yeye hulipa papo hapo.