Ujuzi Bila Cheti: Askari Anayerudi Uraiani na Soko la Kazi la Rungwe

Wanajeshi wanapoacha jeshi na kushindwa kupata kazi ya maana, lawama huangukia tabia zao. Husemwa kwamba wamezoea amri, ni wakali, na hawakubali kuongozwa na raia. Naona maelezo hayo yanamgeuza mgonjwa kuwa ugonjwa. Kikwazo kikubwa ni kwamba jeshi hufundisha watu kazi nyingi kisha huwaacha mlangoni bila kuzitaja kazi hizo kwa namna ambayo mwajiri ataielewa. Mwajiri naye, akikosa maelezo, hununua kitu kimoja tu anachokitambua: utii wa mtu aliyezoea kushika bunduki. Kata ya Mpuguso na wilaya nzima ya Rungwe, mkoani Mbeya, ni mahali pazuri pa kulitazama jambo hili, kwa kuwa hapa limejirudia kwa vizazi kadhaa.

Zamani mpiganaji wa Kinyakyusa, mwenyeji wa Rungwe, hakuhitaji mwajiri. Monica Wilson na mumewe Godfrey, waliofanya utafiti Unyakyusa kati ya 1934 na 1938, walikuta vijana wa rika moja wakijenga na kuishi pamoja katika kijiji chao, na katika sherehe ya ubusoka wazee wakiwakabidhi uongozi na ardhi. Mtu aliyetoka safari ndefu alirudi kwa rika lake, na rika lilikuwa na mahali pa kumweka. Utaratibu huo ulisimama juu ya ardhi ya kutosha. Kahawa ilipoingia, shamba likawa mali ya kudumu ya mtu na wanawe, na nafasi ya kumpokea anayerudi ikaanza kubana.

Katika hali hiyo ndipo askari wa Vita Kuu ya Pili waliporudi. Takriban Watanganyika 87,000 walihudumu katika vita hivyo. Baadhi yao walikuwa Madagaska mwaka 1942, na wengine walipita na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki katika Bonde la Kabaw, Burma, wakati wa mvua za 1944. Si wote waliobeba bunduki. Walikuwamo madereva, mafundi wa magari, waendesha simu za upepo, wauguzi na makarani. Walikuwamo pia walimu wa jeshi, ambao wengi wao walifunzwa Kabete, nchini Kenya, ili wawafundishe askari wenzao kusoma na kuandika. Tanganyika haikuwahi kuwa na Waafrika wengi kiasi hicho wenye ufundi wa kisasa. Lakini serikali iliwatarajia zaidi warudi vijijini wakalime, huku ng'ambo ya mpaka, Kenya, askari wa Kizungu wakiandaliwa mpango wa kugawiwa mashamba makubwa. Mwanahistoria Timothy Parsons ameonyesha kwamba wengi wa askari hao wa Kiafrika hawakuwa na haja ya kuongoza siasa. Walitaka ujira na hadhi vilivyolingana na utumishi wao, na sidhani kama yalikuwa madai makubwa.

Rungwe iliwajibu kwa njia yake. Philip Gulliver, aliyetafiti hapa katika miaka ya 1950, aliandika kwa kirefu juu ya wanaume wa Kinyakyusa waliokwenda kutafuta ujira nje ya wilaya: dhahabu ya Lupa kule Chunya, migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na Afrika Kusini kupitia Wenela, wakala wa kuajiri wachimba migodi. Mgodi ulipima kifua na uzito wa mtu, haukuuliza alichojifunza Burma.

Hadithi ilijirudia baada ya Vita vya Kagera. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliivamia Tanzania mwishoni mwa Oktoba 1978, na Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili 1979. Katikati ya tarehe hizo maelfu ya mgambo walitolewa mikoani, wakapewa mafunzo, wakapigana, kisha wengi wakarudishwa walikotoka. Walirudi wakati viwanda havina vipuri na maduka hayana sabuni. Mwaka 1983 ikaja sheria ya Nguvu Kazi, ambayo kwa mtu wa mjini asiye na kazi inayotambulika maana yake ilikuwa kupelekwa kijijini. Serikali hii ilikuwa yetu wenyewe, na nia yake ilikuwa tofauti kabisa na ya mkoloni, lakini aliyerudi kutoka vitani alipewa jibu lilelile: jembe.

Tangu uchumi ulipofunguliwa, jembe limepata mwenzake, yaani lindo. Kampuni za ulinzi zimeenea hadi miji midogo, na kwa askari mstaafu au kijana aliyemaliza mkataba wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) huo ndio mlango ulio wazi. Ulinzi ni kazi halali na siudharau. Ninachokataa ni kumwona fundi umeme wa jeshi akikesha getini kwa sababu tu hakuna aliyemuuliza alikuwa akifanya nini kambini. Tukitaka kazi ifanyike upesi, sote tunajua jeshi linaweza. Ukuta wa migodi ya tanzanite ya Mirerani wenye urefu wa kilomita 24.5 ulijengwa kwa miezi michache na kuzinduliwa Aprili 2018, na Novemba mwaka huohuo magari ya jeshi yakapelekwa kusomba korosho Lindi na Mtwara. Kisha, Aprili 2021, vijana 854 wa JKT waliodai ajira jeshini walisitishiwa mikataba na kurudishwa makwao. Nidhamu ya jeshi ina taratibu zake, nami siingii humo. Lakini vijana waliokwisha kushika mwiko, bomba na nyaya walikuwa na lipi la kumwonyesha mkandarasi?

Tumtendee haki mwajiri pia. Meneja wa kiwanda cha chai Katumba, au mwenye malori ya ndizi na parachichi, akipokea barua inayosema mwombaji alikuwa sajini kwa miaka kadhaa na tabia yake ni njema, hawezi kujua kwamba sajini huyo alisimamia karakana, alitunza stoo ya vipuri na kutia sahihi ya kila lita ya dizeli. Tofauti za mazingira zipo kweli. Kambini kosa huadhibiwa papo hapo. Uraiani, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, mkosaji husikilizwa kwanza, na msimamizi anayefukuza watu kwa kufoka atamfikisha mwajiri wake mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Hayo hufundishika katika wiki chache kabla ya mtu kuvua gwanda. Ufundi wa injini hauchukui wiki chache.

Vyombo vya kurekebisha hali hii tunavyo. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina utaratibu wa kuurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: mtu hupimwa kwa vitendo na kupewa cheti. Jeshi na VETA wakubaliane kwamba hakuna fundi atakayeondoka kambini kabla ya kupimwa. Halmashauri nazo zikumbuke kwamba mikopo ya asilimia 10 ya mapato yao ya ndani imegawiwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, kwa hiyo mwanamume aliyestaafu jeshi akiwa mzima wa mwili na amevuka umri wa ujana hana fungu lake.

Na Mpuguso ina chuo cha ualimu. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali katika sekondari, na mkondo huo unahitaji watu wanaoweza kusimama mbele ya darasa na kufungua injini au kuunganisha saketi. Mafundi wa aina hiyo hutoka jeshini kila mwaka, na wanachokosa ni mbinu za kufundisha. Naiomba Wizara ya Elimu ikae na Jeshi la Wananchi, ichague wastaafu na vijana wa JKT wenye ufundi uliothibitishwa na VETA, na iwafungulie kozi fupi ya ualimu wa amali katika Chuo cha Ualimu Mpuguso.