Kuwakumbuka Waliopigana: Hoja kwa Shule za Moshi

Kila tarehe 25 Julai, Tanzania huadhimisha Siku ya Mashujaa kwa kuweka mkuki na ngao, sime, upinde na mishale, na shada la maua kwenye mnara wa kumbukumbu. Mwanafunzi wa shule ya msingi katika kata ya Njoro, mjini Moshi, anaweza kuitazama shughuli hiyo mwaka baada ya mwaka bila kuelewa anayeheshimiwa ni nani na alitendewa nini. Heshima ya namna hiyo haivuki mipaka ya utii. Makala haya yanadai kwamba mtoto huanza kuielewa kumbukumbu ya wapiganaji pale anapofundishwa kuuliza ni jina la nani limetunzwa, la nani halikutunzwa, na kwa sababu gani.

Moshi ina ushahidi wa kutosha kwa somo hilo. Machi 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, baada ya mapigano ya vilima vya Latema na Reata karibu na Taveta, majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Smuts yaliingia Moshi, na mji huo hadi leo una makaburi ya vita yanayotunzwa na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Hata hivyo, vita vile vilibebwa vichwani na mabegani mwa wapagazi, kwa kuwa mbung'o waliwaua wanyama wa mizigo. Wapagazi waliokufa upande wa Waingereza pekee wanakadiriwa kufikia 95,000, wengi wao kwa maradhi na njaa, na walio wengi hawana kaburi linalojulikana. Mwaka 2021 Tume hiyo ilikiri kwamba Waafrika na Waasia wengi hawakukumbukwa sawa na wenzao wa Ulaya. Mtoto anayelinganisha jiwe lenye jina na umati usio na jiwe anajifunza kwamba kumbukumbu ni uamuzi wa watu, na uamuzi huweza kusahihishwa.

Wapo watakaopinga wakisema kwamba wapagazi na askari wale walitumikia wakoloni, na kwamba shujaa wa kufundishwa ni Mangi Meli, mtawala wa Kichaga aliyenyongwa na Wajerumani Old Moshi tarehe 2 Machi 1900. Meli anastahili nafasi hiyo bila shaka. Lakini kumkumbuka mtu si kuvibariki vita vilivyomuua, na wapagazi wengi walichukuliwa kwa nguvu. Tukiwaacha kwa sababu walilazimishwa, tunamwadhibu mara ya pili aliyekwisha kudhulumiwa. Meli na wapagazi wakifundishwa pamoja, mwanafunzi ataona sura mbili za ukoloni uleule.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba maswali haya ni makubwa kwa watoto na yanaweza kudhoofisha uzalendo. Vita vya Kagera vinatoa jibu. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliivamia Tanzania Oktoba 1978. Machi 1979 Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana Moshi kupanga serikali mpya, na mwezi uliofuata Kampala ikaanguka. Baadhi ya wanajeshi na mgambo wa vita hivyo wangali hai. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili linaweza kuwaalika wazee hao darasani, na mwalimu akawaandaa wanafunzi kuuliza yanayolingana na umri wao: mlikula nini, nani alibaki na familia, mlipokewaje mliporudi? Mzee asiyetaka kusimulia aachwe na ukimya wake, maana kujua kwamba vita huacha maumivu yasiyosemeka ni sehemu ya elimu hiyo. Uzalendo hauwezi kupungua kwa mtoto kujua gharama iliyolipwa. Unaopungua ni ule wa kukariri. Kila shule ya Moshi iwe na daftari la majina ya wakazi wa kata yake waliopigana au kubebeshwa mizigo ya vita, liandikwe na wanafunzi wenyewe kwa kuulizia majumbani, na lisomwe kwa sauti kila Julai.